Waliouliza Tunataka Nini Kwanza

Juzi mlikuja na redio yenu, mkaiweka juu ya meza yangu, mkaniambia, "Papa Anselmi, sikiliza. Ule muungano mkubwa wa nchi umepata viongozi wapya, na leo wanataja mambo watakayoanza nayo." Nikasikiliza. Barabara, biashara, usalama, vijana. Sauti ilikuwa nzuri. Mlipoona sipigi makofi mkatazamana, mkadhani mzee amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nangoja waseme ni nani aliyewaomba hizo barabara, na zinaanzia wapi na kuishia wapi. Hawakusema, na betri yenu ikaisha.

Mlinikuta mkali siku ile, na baadaye mmoja wenu akaniuliza kwa nini sifurahii chochote. Nitawajibu kwa kuwaeleza kazi niliyoifanya.

Nilikuwa mkalimani wa ofisi ya teritware, yaani wilaya, kwanza Masisi, kisha Walikale. Niliingia wakati vita vya wazungu vinaelekea mwisho, nikatoka uhuru ukiwa unabisha hodi. Watu walituita "kinywa cha Leta." Leta ndiyo serikali, na kinywa chake hakikuwa kitu cha kukaribishwa nyumbani kwa raha. Ukipita njiani, wanawake walishusha sauti. Ukiingia kwenye pombe, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua.

Ninyi mnaotafsiri sasa mnakaa kwenye viti na vifaa masikioni. Sisi tulisimama, na mahali pa kusimama ni nusu ya kazi. Ukisimama katikati, kati ya mzungu na wanakijiji, kila upande utakutazama wewe na kila upande utakukasirikia wewe. Simama pembeni, nyuma kidogo ya anayesema, macho chini, ili watazamane wao wenyewe. Usile maharagi asubuhi ya mkutano. Kicheko usikitafsiri, kiache kipite. Na mtu akikohoa kabla ya kujibu, ngoja, kwa sababu jibu la kwanza ameshalimeza na sasa anatafuta la pili.

Hayo yote nilifundishwa na Papa Gaspari, mkalimani aliyenitangulia, mtu mwembamba aliyevaa koti la sufu hata juani. Alikuwa na kopo dogo la tumbaku ya kunusa. Kabla ya kutafsiri jambo baya alinusa kwanza. Watu wa milimani walikuja kulijua jambo hilo, na akiingiza tu mkono mfukoni, wengine walikuwa wameshaanza kuondoka.

Siku zangu za mwanzo nilimtafsiria bwana mmoja aliyekuwa anaagana na watu baada ya kazi ya barabara. Alikuwa ameletwa kilimani kwa kipoyi, kile kiti ambacho watu hukibeba mabegani. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kifaransa kwamba anawabeba wote ndani ya moyo wake. Nikatafsiri hivyohivyo, neno kwa neno, kwa sauti kubwa. Halafu mbebaji mmoja, jasho bado linamtoka shingoni, akauliza kwa upole kabisa, "Yeye njo anatubeba?" Kilima kizima kikaanguka kwa kicheko. Bwana naye akacheka, akidhani wamefurahi.

Njiani nilimwomba Papa Gaspari msamaha. Akanusa tumbaku.

"Haukukosea," akasema. "Maneno ilikuwa yenyewe. Lakini kama neno iko muzuri kupita muntu mwenye anayisema, uisimamishe kwanza mu kinywa, uiangalie. Na kama mukubwa anasema 'sisi', umuulize na heshima: sisi banani?"

Papa Gaspari alikufa kwa kifua kabla ya huyo mgeni ninayetaka kuwaeleza kufika. Mara nyingi nimefikiri kwamba angemjua siku ya kwanza.

Mgeni huyo alitumwa kwetu kutoka mji mkuu wa jimbo. Watu walimpa jina la Bwana Kitambala, kwa sababu alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa wakati wote, hata kwenye baridi ya Masisi ambayo inakausha midomo. Hakupiga mtu. Hakutukana. Siku aliyofika alinisalimu kwa kunishika mkono, jambo ambalo mkuu wetu wa teritware hakuwahi kulifanya, na mimi nikaanza kumwogopa papo hapo.

Alinikalisha kwenye kiti, akanieleza. Bulaya kuna wakubwa wapya, akasema, na hawa wana mawazo mapya. Hawataki tena habari ya mtawala na mtawaliwa. Wanataka Ubelgiji, Kongo na nchi jirani za upande wa mashariki ziwe kitu kimoja, watu wa rangi zote na lugha zote, chini ya uongozi mmoja. Kwa Kifaransa alikiita "komunote." Na kabla ya kuanza, wakubwa hao wanataka kujua watu wenyewe wanataka nini kije kwanza.

"Utalisemaje neno hilo kwa watu wako?" akaniuliza.

Nilifikiri. Ushirika nililikataa, kwa sababu ni neno la misa, na watu wangeuliza kama wanapaswa kuungama kwanza. Umoja lilikuwa neno la makapita, wasimamizi wa Leta, wakati wa kukusanya watu wa kazi za barabara, na mtu akilisikia alikuwa anatafuta njia ya kukimbilia. Mwishoni nikasema, "Nyumba moja, Bwana. Nitasema wanataka tuwe nyumba moja."

Akafurahi sana. Akasema ni neno zuri kuliko la kwao.

Tulianzia Kibabi, kwetu. Tulipanda kwa miguu, mvua ya asubuhi ikiwa imelainisha njia, wabebaji wakiteleza na masanduku. Pamoja nasi alikuwepo kijana mmoja wa kizungu aliyetembea nyuma bila kusema, na wabebaji wake walikuwa na vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu nchani na mnyororo mrefu wa chuma. Nilimuuliza Bwana Kitambala huyo ni nani. Akasema ni mtu wa ramani.

Nikapita kwanza kwa Mama Veronika, mdogo wake mama yangu, mjane aliyenilea baada ya mama kufa. Nyumba yake ilikuwa inanuka kasiksi, ile pombe ya ndizi, imeiva kabisa. Nilisikia harufu kutoka uani. Alinipa maji. Mama mdogo mwenye mtungi wa kasiksi ndani akimpa mwanawe maji, amemwambia jambo.

"Umekuya kama mutoto ao kama kinywa?" akaniuliza.

"Nimekuja na kazi, mama."

"Basi kunywa maji, uende kazini."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kapela, kanisa dogo la kilima. Walikuja Wahunde wa kilima kile, wenye mashamba ya babu zao, na zilikuja familia zilizoletwa na Leta kutoka Rwanda miaka ya nyuma na kupewa mashamba ng'ambo ya kijito. Pande hizi mbili zilisali kapela moja, zikauziana maharagi na mbuzi, lakini siku ile walikaa mbalimbali. Baadaye nilijua sababu: kila upande ulidhani upande wa pili ndio uliomwita mzungu.

Bwana Kitambala akasema maneno yake ya nyumba moja, nami nikayasema kwa Kihunde, nikayarudia kwa Kinyarwanda. Kisha akauliza: "Mnataka wakubwa wapya waanze na nini?"

Mzee mmoja akakohoa. Nikangoja. "Tuko muzuri," akasema.

Wa pili akasema wako wazuri. Wa tatu akasema wako wazuri kabisa, na anashukuru. Bwana Kitambala akajifuta uso. Akasema kwamba haiwezekani watu wasiwe na hitaji hata moja. Shule je? Dawa? Wakamwambia shule ni nzuri, dawa ni nzuri. Niliwajua watu hao. Waliwahi kumsifia mzungu fulani udongo wao mweusi, kwa adabu tu kama unavyomsifia mgeni chakula, na muda mfupi baadaye udongo ule ulikuwa shamba la kahawa na wao ndio vibarua wake.

Hapo Mama Veronika akanyoosha mkono. Hakuniita mwanangu.

"Mukalimani, muulize. Mu hii nyumba moja, mulango iko upande gani? Na nani atakuwa na ufunguo?"

Nikatafsiri. Bwana Kitambala akasema ni swali la hekima, na kwamba mambo hayo yataangaliwa kwa wakati wake.

Mama Veronika akageuka, akaonyesha kwa kidevu juu ya kilima, nyuma ya migomba. Kijana wa ramani alikuwa huko na watu wake. Tulimwona akiinama, akisimama, mnyororo ukinyooka na kumeta kwenye nyasi.

"Na ule wa munyororo," akasema, "yeye anatafsiriwa na nani?"

Watu wote wakageuka kutazama. Bwana Kitambala akasema, "Mwambie ni mambo ya ramani tu."

Nikasema, "Anasema ni mambo ya ramani tu." Sikuliacha lile "tu." Wanafunzi wangu wengi waliliacha, wakidhani ni neno dogo. Kwa maisha yangu yote sijawahi kusikia mkubwa akilisema juu ya jambo dogo.

Lazima niwaeleze, maana ninyi hamkuiishi sheria ile. Kwa Leta, udongo ambao hakuna mtu anayeulima ulikuwa udongo tupu, na udongo tupu ulikuwa wa Leta. Sasa, mkulima yeyote wa milimani anajua kwamba shamba hulazwa. Unalima, unavuna, halafu unaliacha lipumzike mpaka nyasi zirudi na udongo upate nguvu. Nusu ya kilima cha Kibabi ilikuwa imelala wakati ule. Mwenye macho ya hapa anaona shamba lililolala. Mwenye mnyororo anaona tupu.

Kutoka upande wa wale wa ng'ambo ya kijito akasimama mtu mmoja, Papa Yozefu, mrefu, mtaratibu, katekista wa kapela ile ile. Alisema kwa Kinyarwanda, akiwatazama Wahunde na si mzungu. Sitayasahau maneno yake, nami nawapa kwa Kiswahili chetu.

"Wakati balituleta hapa, na sisi balituambia udongo iko tupu. Tulifika na vyombo kwa kichwa, tukaanza kukata nyasi. Chini ya nyasi tulikuta mafiga. Ile mawe ya kupikia, ingali na masizi. Bibi yangu akaikala chini, akalia. Hatukuita huyu bwana. Hatutaki tena kupewa mafiga ya bengine."

Niliyarudia kwa Kihunde. Nilimtafsiria Bwana Kitambala yote. Akauliza mafiga ni nini. Nikamweleza. Akajifuta uso, akasema mkutano utaendelea kesho.

Kesho yake asubuhi tuliamka kwa sauti ya majembe.

Tulitoka nje ya mahema. Wanawake walikuwa wamesambaa kilimani kote, kwenye yale mashamba yaliyolala, wamejipanga mistari, wanalima. Walikuwa wale wa upande huu na wale wa ng'ambo ya kijito, wengine na watoto mgongoni. Vijiti vyekundu vya mtu wa ramani vilikuwa vimeng'olewa na kulazwa kando ya njia kwa adabu, kimoja karibu na kingine, hakuna hata kimoja kilichovunjika. Na mbele ya mstari wa juu kabisa alikuwa Mama Veronika, sketi ameifunga kiunoni.

Bwana Kitambala alipanda mpaka pale akihema. "Muulize wanafanya nini. Si msimu wa kulima."

Nikauliza. Mama hakusimamisha jembe.

"Aliuliza tunataka nini kwanza. Muambie njo hii."

Mtu wa ramani hakumaliza kupima kwa mnyororo wake Kibabi. Palikuwa na mbegu ardhini, na sheria ni sheria. Mkisikia hivi mnataka kushangilia, nami siku ile nilishangilia moyoni. Lakini mkalimani hatafsiri nusu. Udongo ule haukuwa umepumzika vya kutosha. Maharagi yalitoka ya manjano, na msimu uliofuata watu wa Kibabi walinunua chakula. Na mnyororo ule ulihamia kilima cha jirani, kwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari ya wanawake wetu. Wao walijibu kwamba wako wazuri. Waliamini adabu ingetosha.

Tuliporudi Masisi, machifu na makapita waliitwa kusikia matokeo. Bwana Kitambala alikuwa ameshayapanga yale yatakayokuja kwanza katika nyumba mpya. Nilishangaa, kwa sababu niliyatafsiri majibu yote mimi mwenyewe na sikumsikia mtu yeyote akiyasema hayo. Kabla ya kutoka nje, mkuu wa teritware aliniita pembeni. Mtu huyu nilimzoea: alikuwa mkali lakini hafichi. Siku ile alikuwa hatulii.

"Katika karatasi ya mgeni kuna mahali panasema udongo tupu," akaniambia kwa Kifaransa. "Wewe sema udongo unaongoja maendeleo. Inasikika vizuri zaidi."

"Bwana, atasoma maneno gani?"

"Atasoma udongo tupu. Wewe utasema ninachokuambia."

Tukatoka. Jua lilikuwa limewaka, machifu wamevaa kofia zao na nishani. Bwana Kitambala akaanza na shule, nikasema shule. Akasema zahanati, nikasema zahanati. Machifu wakatikisa vichwa. Akafika pale penye udongo tupu. Kando yangu mkuu wa teritware alikuwa ananitazama ubavuni mwa uso. Nililihisi jicho lake kama unavyohisi nzi.

Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa na mke mtarajiwa, nilikuwa na baiskeli, nilikuwa na jina ofisini. Kilichonisukuma ni kitu kidogo tu: mtungi wa kasiksi ambao mama yangu mdogo hakuufungua. Nikasema kwa Kiswahili, "Anasema udongo wote ambao Leta haioni mashamba juu yake, itauchukua. Anasema hilo ndilo litakalotangulia mengine yote."

Chifu mmoja wa umri mkubwa akavua kofia yake, akaiweka kwenye goti. "Rudilia," akasema.

Nikarudia.

Hapakuwa na fujo. Machifu hawakupiga makofi, basi. Walisimama mmoja mmoja, wakaaga kwa heshima na kwenda kwao, na kabla mwezi haujaisha kila kilima cha Masisi kilikuwa na majembe juu ya mashamba yaliyolala. Bwana Kitambala alijua Kiswahili kiasi. Alinikaribia, akakunja kitambaa chake taratibu. "Umetafsiri vizuri sana, Anselmi," akasema. Wiki iliyofuata nilihamishiwa Walikale, kutunza nyumba ya kulala wageni wa Leta. Siyo adhabu, waliniambia. Ni hali ya hewa nyingine tu.

Mmelisikia lile "tu."

Walikale ni msitu. Ninyi wa milimani hamjui kukosa upeo wa macho ni nini mpaka mmekaa huko. Mtu wa Masisi anamwona adui wake akiwa bado kilima cha tatu. Mtu wa Walikale anamsikia. Nilifagia vyumba, nilichemsha maji ya wageni, mchumba wa Masisi hakunifuata, nikaoa huko, binti wa wawindaji, nikajifunza Kinyanga kwa mkwe wangu ambaye alinisahihisha bila huruma. Niliyemheshimu kuliko wote alikuwa Papa Mateso, mwindaji na mkulima wa migomba, mkristo wa kila Jumapili ambaye pia ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kilima kile wanakopelekwa wavulana kutahiriwa na kufundishwa utu uzima. Padri alijua. Walikuwa wamekubaliana kutoulizana.

Na huko, baada ya mvua mbili kupita, akaja Bwana Kitambala. Alikuwa amekonda. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutafsiri Kifaransa na Kinyanga, kwa hiyo akanichukua mimi. Alinishika mkono tena.

"Huku hawawezi kulima msitu mzima," akaniambia. Sikujua kama anacheka.

Mkutano ulikuwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, mvua ikipiga majani ya paa. Wawindaji walikaa na mikuki yao imelazwa chini. Bwana Kitambala akasema nyumba moja, akasema wakubwa wapya, akauliza nini kije kwanza. Mimi nikatafsiri na kusimama pembeni nikitazama chini.

Papa Mateso hakukohoa. Aliuliza, "Muzungu, weye unapitaka njia ya wapi ukikuya hapa?"

Bwana Kitambala akaeleza njia aliyopita.

"Mu ile njia, ulipita mahali ya mutego yangu. Halafu muti ya nyuki ya Papa wa huyu. Halafu mahali bibi ya muke wangu alizalia, anarudi shambani. Halafu kaburi. Uliona nini?"

"Miti," akasema Bwana Kitambala.

"Njo maana siwezi kukujibu. Tunaongea juu ya kitu moja, weye hauione. Basi anza weye. Sema weye unataka nini kwanza. Ya kwako, hapana ya wakubwa."

Nilitafsiri polepole. Mvua ilikuwa nyingi. Bwana Kitambala alitoa kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujifuta. Alikikamata tu mkononi. Nadhani alikuwa amechoka. Nadhani pia, ingawa kumwamini kwangu hakujawahi kuwa kwingi, kwamba hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza.

"Barabara," akasema. "Wanataka barabara ipite hapa, iende mpaka mtoni. Imeshaamuliwa. Itapita juu ya kilima kile."

Kilikuwa ni kilima cha Papa Mateso.

Papa Mateso akatazama mvua kwa muda, kisha akasema, "Asante. Sasa tunaweza kuanza kuongea."

Waliongea mchana kutwa, na hata leo najivunia siku ile, kwa sababu ulikuwa mkutano pekee katika miaka yangu yote ambapo nilitafsiri maneno na maana zikafika pamoja nayo. Papa Mateso hakupiga kelele. Alisema kilima kile hakiguswi. Bwana Kitambala akasema kuzunguka ni kazi nyingi. Papa Mateso akasema watu wake wataikata hiyo njia ya kuzunguka wenyewe, kwa panga zao, bila kuletewa polisi. Akamtaka Bwana Kitambala aende naye kwa miguu, wapite kila mahali barabara itakapopita, na kila kona akauliza inapita wapi, mkono gani, karibu na nini. Bwana Kitambala akajibu kila swali. Na alitimiza. Barabara ilijengwa, ikapinda ilipofika kilimani, ikazunguka, ikaendelea. Madereva wanaokwenda Walikale bado wanailaani kona ile. Hawajui ni ya nini.

Tuliposikia lori la kwanza linakuja, tulikwenda wote kando ya barabara kulitazama. Watoto walipanda juu ya kingo. Lori lilikuwa linarudi kutoka mtoni, na lilikuwa zito, magurudumu yakizama. Lilipita mbele yetu taratibu, likachukua kona vizuri kabisa bila kugusa kilima. Nyuma lilijaa mawe meusi, yale mazito yanayoyeyushwa kupata bati, ambayo wazungu walikuwa wanayachimba mahali pengine na ambayo sasa walikuwa wameyapata kwetu, kwenye kijito kinachoingia mtoni, ambacho wake zetu walivulia samaki na kuloweka mihogo. Baada ya hilo likaja lingine. Maji ya kijito yalikuwa mekundu kabla ya mavuno, na hayakurudi kuwa maji katika maisha ya Papa Mateso.

Siku ile ya lori la kwanza alisimama karibu na mimi mpaka vumbi likakaa. Watu walianza kurudi nyumbani. 

"Niliuliza inapita wapi," akasema Papa Mateso. "Sikuuliza inapita na nini."